Muulize Shangazi: Theluji mara ya kwanza, na mume anayetaka kunifundisha

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunaishi München. Januari hii mume wangu ameshikilia twende milimani, Seefeld kule Tirol, Austria, tukajifunze skii, zile mbao za kuvaa miguuni na kutelezea theluji, siku nne. Hakuna kati yetu aliyewahi kuzivaa. Yeye ameangalia video chungu nzima na anasema mwalimu ni kutupa hela, atanishika mkono mpaka nijue. Mimi nina miaka 41, navaa hijabu, na goti langu la kushoto linauma nikishuka ngazi. Sitaki kumvunja moyo maana kafurahi mno, lakini mwenzenu naogopa. Nianzie wapi? Mama Z., München.*

Marahaba, Mama Z. Nianze na hilo linalokunyima raha. Mwalimu mchukueni, nyote wawili, na mumweke tangu mkiwa bado München, maana shule za skii hujaa. Mimi naishi Innsbruck, na kila msimu wa baridi nafanya kazi katika duka la kukodisha vifaa vya skii. Kazi yangu hasa ni kuwavalisha watu buti. Asubuhi wanatoka wana haraka na furaha. Jioni wanaporudisha vifaa, wale waliokwenda kufundishana mke na mume nawajua kwa kukaa kwao tu: mmoja mwanzo wa benchi, mwingine mwisho, na hakuna anayemsaidia mwenzake kufungua buti. Naumia nikiwaona, kwa sababu walikuja kufurahi. Asiyejua kusimama hawezi kumsimamisha mwenzake. Akikushika mkono mnaanguka wote, skii nne zimepishana, na lawama zinaanzia hapo.

Mwalimu anakutazama wewe, na hilo video haiwezi. Asubuhi ya kwanza atakuvalisha skii moja tu, mguu wa pili una buti tupu, uzunguke kwenye tambarare hadi mguu uzoee. Fimbo mara nyingi huwekwa kando. Baadaye mtavaa zote mbili, mtapandishwa na mkanda unaotembea polepole juu ya theluji, umbali mdogo tu, na hapo utafundishwa kabari: ncha za mbele zinakaribiana bila kugusana, visigino unavisukuma nje, magoti umeyakunja kidogo, miundi inaegemea mbele kwenye buti. Ukitanua nyuma unapunguza mwendo, ukibana unaongeza. Mwili wa mtu anayeanza unataka kuegemea nyuma, kuukimbilia mlima, kwa sababu mbele kuna bonde. Hapo ndipo breki inapopotea, kwa kuwa uzito ukienda nyuma ncha za mbele hazishiki tena theluji na skii zinakwenda zinakotaka. Mwalimu atakuambia "mbele, mbele" siku nzima. Msikilize.

Kuanguka kupo, na kwenye mteremko wa wanaoanza theluji huwa imelainika kwa kukanyagwa na kutengenezwa. Ukiona unaanguka, kaa ubavuni. Kabla ya kuinuka zungusha miguu, skii zote mbili ziwe upande wa bondeni, zikingame mteremko, ndipo ujisukume kwa mkono. Ukiinuka zikiwa zimeelekea chini, zitaondoka na wewe.

Sasa ninyi wawili. Mmoja atashika haraka kuliko mwenzake, na huenda akawa wewe. Mkubaliane kabla hamjafika kwamba anayetangulia ataendelea na kundi lake, aliyebaki atabaki na lake, na mtakutana saa ya chakula cha mchana. Njia za skii za Austria zina rangi tatu: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ya wenye uwezo. Mtu wa siku ya pili hana shughuli na nyekundu, hata akiambiwa huko juu kuna mandhari ya namna gani. Mandhari mtayaona bila kuhatarisha miguu: hapo Seefeld kuna treni ya kamba inayopanda hadi Rosshütte, juu mlimani, na mtu asiye na skii hupanda na kushuka nayo, akanywa chai yake juani akatazama milima. Nyie mazoezi yenu yawe kwenye mteremko wa Geigenbühel, pale pale kijijini. Siku ya kwanza msinunue tiketi ya lifti zote za eneo, yaani mitambo ya kuwapandisha watu mlimani. Waulizeni shule lifti ipi mtaihitaji, mlipie hiyo tu.

Umesema unaogopa. Huenda unaogopa pia wale wanaoshuka kwa kasi nyuma yako, maana karibu kila mwanamke ninayemvalisha buti huniuliza habari zao. Kanuni za mwenendo kwenye miteremko ziliwekwa na shirikisho la kimataifa la skii tangu 1967, ziko kumi, na ile inayokuhusu zaidi inasema anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake. Kwa hiyo ukiwa unateleza polepole, tazama mbele. Wa nyuma ana macho. Wajibu wako ni kutazama juu kabla ya kuanza kuondoka, na ukitaka kupumzika kusimama pembeni, kamwe si katikati ya njia wala chini ya ukingo ambapo anayekuja hakuoni.

Buti, ambalo ndilo jambo langu, naomba unisome vizuri. Watu wetu wanakuja na soksi mbili, tatu, za pamba, wakijua ndiyo kinga ya baridi. Buti la skii ni gumu, halitanuki. Ukijaza soksi unaubana mguu, damu haipiti vizuri, na vidole vinakufa ganzi mapema kuliko vya mwenye soksi moja. Vaa soksi moja ya skii, nyembamba, isiyo ya pamba, inayofika karibu na goti. Ndani ya buti kusiwe na kitu kingine: wala suruali ya ndani, wala pindo la suruali ya nje. Ukunjo mdogo wa kitambaa juu ya muundi unaweza kukufanya ushindwe kukanyaga siku ya pili.

Saizi tunapima kwa sentimita za mguu, kwa hiyo usitaje namba ya kiatu chako cha kawaida, simama tukupime. Ukishaliingiza, gonga kisigino sakafuni mara kadhaa kirudi nyuma kabisa, ufunge kwanza vifungo vya karibu na kifundo, vya chini uvibane kidogo tu. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti vivutike nyuma. Kisigino kisinyanyuke. Likikubana namna ya kuumiza, sema pale pale, hata kama nyuma yako kuna foleni. Aliye dukani yuko kazini, na kubadilisha buti ni kazi yake.

Halafu tutakuuliza uzito, urefu na umri. Hapa ndipo naona mtu anamtazama mwenzake, anapunguza sauti, na anapunguza kilo. Mwanangu, usipunguze. Vifungio vinavyoshika buti kwenye skii tunavipima kwa hesabu hizo pamoja na urefu wa soli ya buti, ili ukianguka vibaya vifunguke na kuuachia mguu. Ukidanganya, vinaweza kufunguka bila sababu. Na mumeo akisema yeye si mgeni wa skii ili asionekane mshamba, tutavikaza zaidi, na siku ya kuanguka vitachelewa kumwachia. Mwambie hilo kwa upole kabla hamjaingia dukani. Kodini pia skii fupi, zinazofika kidevuni hivi. Ni rahisi kuzigeuza.

Goti lako: muone daktari kabla hujalipia chochote. Katika skii goti huumia kuliko kiungo kingine, na la kwako limeshaanza kulalamika. Akikuruhusu, mwambie mwalimu siku ya kwanza. Akikukataza, usiivunje safari, maana bahati yenu mmechagua Seefeld. Huko ndiko nyumbani kwa skii za masafa, zile nyembamba ambazo kisigino kiko huru na unakwenda kwenye njia zilizochongwa katika theluji, nyingi zikiwa karibu tambarare. Mbio za skii za masafa za Olimpiki ya 1964 na ya 1976 zilifanyika Seefeld, na mashindano ya ubingwa wa dunia yakafanyika hapo 2019. Hizo nazo zina shule zake, na goti huzivumilia zaidi. Mumeo akiwa kwenye mteremko, wewe utakuwa msituni na mwalimu wako.

Kwa hijabu, chini ya helmeti vaa kile kibana kichwa cha michezo kinachofunika shingo, cha kitambaa chembamba kisicho na pini wala fundo. Mtandio wenye ncha zinazoning'inia acha hotelini: unaweza kunasa kwenye lifti ya kuvuta au ya viti, na lifti haisimami papo hapo. Kama umesuka, suka nywele zilale chini, kwa sababu fundo la kisogoni huinua helmeti ikakaa mbele ya paji la uso. Helmeti ijaribu ukiwa umevaa kile kibana kichwa. Koti refu linalofika magotini halina ubaya, mradi mapindo yake yasipepee. Glavu zisizopitisha maji, tena jozi mbili, moja ikilowa una nyingine.

Na mafuta ya kukinga jua mjipake, wewe na yeye. Weusi wetu haututoshi kule. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma, kwa hiyo inakupiga usoni kutoka chini pia, hata siku ya mawingu, na macho bila miwani huwaka usiku na kutoa machozi. Usisahau midomo.

Chakula kwenye vibanda vya mlimani uliza, usione haya. Maandazi yao ya kuchemsha, Knödel, mengi yana vipande vya nyama ya nguruwe. Ya jibini, Kaspressknödel, hayana, ila uliza supu inayoyabeba imetokana na nyama gani. Kaiserschmarrn ni chapati nene tamu iliyochanwachanwa, mtaipenda, lakini zabibu kavu zake wengine huziloweka kwenye ramu. Waambie wakuwekee bila zabibu.

Mwisho ni bima. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya itakusaidia kwenye hospitali ya umma, lakini helikopta ya kukushusha mlimani haiilipii, na bili yake ni maelfu ya euro. Tafuteni bima ya safari inayotaja wazi uokoaji wa milimani, au mjiunge na chama cha wapanda milima cha Austria, Alpenverein, ambacho uanachama wake unakuja na bima hiyo. Namba ya uokoaji wa milimani Tirol ni 140. 112 nayo inafanya kazi. Januari mmeichagua vizuri: tarehe 6 ikishapita watu hupungua hadi likizo za shule za Februari, na mteremko usio na msongamano ndio wa kujifunzia.

*Shangazi shikamoo. Mimi na mchumba wangu tunatoka Eldoret, tunasoma Graz. Tunataka kujaribu skii mwezi Machi, lakini kuna jamaa wa darasani aliyetuambia huo si mchezo wa Mwafrika, nasi tumeanza kusita. K., Graz.*

Marahaba, K. Mmetoka Eldoret halafu mnasita? Philip Boit ni mtu wa kwenu. Alikuwa mkimbiaji, akaanza kujifunza skii 1996 huko Finland bila kuwahi kukanyaga theluji kabla, na 1998 alishiriki mbio za skii za masafa za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Boit alirudi tena Olimpiki za 2002 na 2006. Naye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa hapo hapo Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremko katika Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Mtajieni huyo jamaa majina hayo mawili kisha mwende mkajiandikishe kwenye kundi la wanaoanza. Machi ni mwezi mwema kwa wageni, jua limeanza kupata nguvu. Ila mchana theluji hulowa na kuwa nzito, kwa hiyo masomo yenu yawe asubuhi.

*Assalaam alaykum Shangazi. Tumeoana juzi, tuko Muscat, na In Shaa Allah tutakwenda Uswisi baada ya miezi mitatu. Je, kuna pa kufanyia mazoezi huku kwetu ili tusiende kupoteza siku za safari? S. na mkewe, Muscat.*

Wa alaykum salaam, wanangu, na hongereni. Nendeni Dubai. Ndani ya Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005, yenye theluji ya kweli na baridi iliyo chini kidogo ya sifuri mwaka mzima, na njia yake ndefu kabisa ina mita 400. Walimu wapo na vifaa wanakodisha. Mkichukua masomo huko mkajua kabari na kugeuka kushoto na kulia, mtakuwa mmeokoa karibu siku nzima ya Uswisi. Mkifika huko anzeni tena na mteremko mdogo hata kama mnaona mnaweza, kwa kuwa chini ya paa hakuna upepo, hakuna ukungu, na theluji haibadiliki kati ya asubuhi na jioni. Miwani ya theluji na glavu mnunue zenu mapema.