Mbwa anayenguruma akiambiwa ashuke kwenye kochi
Ndugu, umeuliza kama kumdekeza mbwa wako ndiko kunakomfanya angurume ukimwambia ashuke kwenye kochi. Mapenzi hayamharibu mbwa. Kinachomvuruga ni sheria inayobadilika: leo anaruhusiwa, kesho anafokewa. Nyumba nzima mkubaliane jibu moja.

Usimpige wala kumkemea anaponguruma, maana hilo ndilo onyo lake. Ukilizima, siku nyingine anaweza kuuma bila kuonya. Simama mbali kidogo, mwite, akishuka mpe kitafunwa. Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku, na chokoleti, zabibu na vitunguu asiguse kabisa.

Kama tabia hii imeanza ghafla, tafadhali mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, huenda ana maumivu. Kumkumbatia endelea, ila akigeuza uso, mwachie.