Mgeni akisema "awesome"

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza watalii, kuna neno mtalisikia tangu mnapowapokea wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hadi siku ya kuagana: "awesome", yaani "safi sana". Msivimbe kichwa.

Safari yangu ya kwanza na Wamarekani niliwaambia chakula cha mchana ni saa saba. "Awesome!" Nikadhani wana njaa. Nikawaonyesha choo kilipo. "Awesome!" Hapo nikashtuka. Kumbe mara nyingi kwao ni "haya, sawa" tu, kwa hiyo usianze kuhesabu tipu.

Neno lenyewe asili yake ni zito. Limetokana na "awe", hofu iliyochanganyika na heshima. Zaburi ya 47 inamwita Bwana "mwenye kuogofya", na Biblia kadhaa za Kiingereza cha siku hizi zimeweka "awesome" papo hapo. Msishangae hofu kugeuka sifa. Sisi wenyewe tukila pilau iliyokolea viungo si tunasema "hii balaa"? Mpira ukipigwa vizuri, "hatari!" Wamarekani nao wana balaa lao, ila wamelitumia mpaka limechuja.

Jihadharini na ndugu yake, "awful". Zamani nalo lilibeba hofu hiyohiyo, lakini leo maana yake ni kitu kibaya, kinachochukiza. Mimi sikujua. Tumefika ukingoni mwa Ngorongoro, kreta inashuka kama mita 600 chini yetu, nikageuka kwa majivuno: "Awful, yes?" Mama mmoja akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama naumwa.

Halafu "very awesome" inakwaruza masikio yao. Semeni "really" au "absolutely".

Waingereza ni habari nyingine. Wao utawasikia zaidi na "lovely" na "brilliant". Ila Mwingereza akikwambia chakula ni "quite good", pita jikoni ukaongee na mpishi, maana hapo "quite" mara nyingi inapunguza sifa. Kwa Mmarekani neno hilohilo linaongeza.

Na mgeni aliyeguswa kweli, wa nchi yoyote, kwanza hunyamaza. Pale ukingoni zima injini, acha kumwaga takwimu za kilomita za mraba, mpe dakika mbili. Akisema "awesome" baada ya hapo, tena polepole, hiyo ipokee.