Vipimo Safi, Mwili Hoi: Maswali Yenu Kuhusu Uchovu Sugu na Fibromialjia

Mwezi huu barua nyingi kutoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria zimeuliza kitu kimoja kwa namna tofauti: mwili unauma au hauna nguvu, na hospitali haioni kitu. Tumechagua tano.

Shikamoo daktari. Naanika dagaa, nina miaka 38. Mwaka wa pili huu mwili wote unauma, na hata nikilala usiku kucha naamka kama niliyepigwa. Leo naambiwa taifodi, kesho UTI sugu, keshokutwa sina ugonjwa. Kuna aliyenitajia fibromialjia. Hivi ugonjwa huo upo huku kwetu? (Mama wa dagaa, Igombe)

Marahaba, mama. Upo: ni ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu yaliyotapakaa mwilini. Popote watu walipohesabiwa vizuri, wenye fibromialjia hupatikana takriban 2 hadi 4 katika kila 100. Hesabu maarufu ya mji wa Wichita, Marekani, iliyochapishwa 1995, ilipata asilimia 3.4 ya wanawake na 0.5 ya wanaume. Chukua hiyo ndogo ya 2 kwa 100 uipeleke kwenye mwalo wenye watu wazima 500: hao ni watu 10, na pengine hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa jina la kinachomsumbua.

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha fibromialjia. Hitilafu iko kwenye namna ubongo na uti wa mgongo unavyopokea taarifa za maumivu: sauti imefunguliwa hadi mwisho. Daktari huhesabu sehemu 19 za mwili (taya, mabega, mikono, nyonga, mapaja, miguu, shingo, kifua, tumbo, mgongo juu na chini), kisha hupima uchovu, usingizi usioburudisha, usahaulifu, maumivu ya kichwa, tumbo na huzuni kwa alama 0 hadi 12. Zikiuma sehemu 7 au zaidi na alama zikafika 5, au sehemu 4 hadi 6 na alama zikafika 9, maumivu yakiwa yametapakaa mwilini na hali imedumu miezi 3, jibu limepatikana. Njia ya zamani ya 1990, ya kubonyeza nukta 18 na kutafuta 11 zenye maumivu, si lazima tena.

Lakini usikimbilie huko kwanza. Ziwa lina wezi wake wa nguvu, na wa kwanza ni kichocho cha tumbo. Anayeingia majini kila siku apime choo, na apeleke sampuli za siku mbili au tatu tofauti, maana minyoo michache hukwepa sampuli moja. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 hupewa vidonge 4 vya miligramu 600. Dawa haiui vizuri minyoo michanga, na ukirudi majini utaambukizwa upya, kwa hiyo pima tena baada ya miezi kadhaa. Vingine vya kuomba: wingi wa damu (mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu), malaria, VVU, sukari, figo na ini, homoni ya tezi la shingo, na ESR inayoonyesha kama kuna uvimbe wa ndani. Kama unakunywa maziwa mabichi au unazalisha mifugo, taja bruselosi. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito, viungo vilivyovimba au homa inayorudi, hayo si ya fibromialjia. Yafuatiliwe kwanza.

Na hiyo taifodi ya kila mwezi? Kipimo cha Widal huona kinga, na kinga hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupona. Mtu anaweza kumaliza dozi kumi na karatasi ikaendelea kusema "positivu". Kwa kipimo hicho peke yake, usikubali dozi nyingine.

Niliugua homa kali mwaka jana, ikapona, nguvu hazikurudi. Nikipanda Bugarika na ndoo ya maji, siku hiyo naweza. Kesho yake na keshokutwa sinyanyuki kitandani, kichwa kizito, maneno yananipotea. Jirani ananisisitiza nifanye mazoezi. (Msomaji, Bugarika)

Jirani yako anakupenda, ila ushauri wake unafaa ugonjwa mwingine. Kuporomoka saa 12 hadi 48 baada ya kazi, tena kwa kiasi kisicholingana na kazi yenyewe, ndiyo alama kuu ya uchovu sugu, ule ambao madaktari huuandika ME/CFS. Vigezo vya 2015 vya Marekani vinataka mambo matatu: uwezo wa kufanya shughuli umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6, kuna huko kuporomoka, na usingizi hauburudishi. Juu yake liwepo moja kati ya haya: akili kuwa na ukungu, au kuzidiwa ukisimama.

Mara nyingi huanza baada ya maambukizi. Kwenye utafiti wa Dubbo, Australia, uliochapishwa 2006, takriban mtu 1 kati ya 9 alikuwa na hali hii miezi 6 baada ya kuugua maambukizi makali. Uviko nao umeacha wengi hivyo hivyo.

Hapa ndipo wengi huumizwa. Mwenye fibromialjia hunufaika na mazoezi ya taratibu: aanze na dakika 5 hadi 10 za kutembea tambarare, aongeze dakika moja au mbili kila wiki mpaka afike 30, mara tatu kwa wiki, na asitarajie nafuu kabla ya wiki 6. (Vitabu vya nje humshauri pia aogelee. Ziwani kwetu, na kichocho hiki, ushauri huo uachwe huko huko.) Mwenye uchovu sugu akilazimishwa ratiba ya kuongeza mazoezi huzidiwa. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa Oktoba 2021 uliiondoa tiba hiyo. Wapo wenye magonjwa yote mawili. Kwao, kuporomoka ndiko kunakoamua.

Kazi yako ni kupanga bajeti ya nguvu. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili ulichofanya na ulivyojisikia siku mbili baadaye, utaona mstari wako uko wapi. Kaa chini yake hata siku unayojisikia vizuri, kwani siku njema ndiyo inayowaponza watu: hufidia kazi za wiki nzima, kisha hulala wiki nyingine. Badala ya ndoo ya lita 20, dumu la lita 5 kwa awamu, na mlimani ombeni kijana au lipeni mchota maji. Osha vyombo na menya ndizi ukiwa umekaa. Pumzika kabla ya kuchoka. Baadhi ya wagonjwa hutumia mapigo ya moyo kama kikomo: 220 toa umri, zidisha kwa 0.6. Kwa mwenye miaka 40 ni 108. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukifika hapo ukiwa njiani, kaa.

Kama wapo wanaokuambia una "presha ya kushuka", huenda wameona kitu. Lala dakika 10, pima mapigo, kisha simama wima dakika 10 huku mtu yuko karibu. Yakipanda kwa 30 au zaidi, mwambie daktari. Maji zaidi na chumvi zaidi humsaidia mtu wa aina hiyo, isipokuwa mwenye presha ya kupanda, figo au moyo.

Kuna duka la dawa wananichoma sindano ya maumivu kila wiki, napata nafuu siku mbili. Kuna ubaya? (Mvuvi, Sengerema)

Upo. Kama sindano hiyo ni diklofenaki, ya kila wiki inaweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha, na kwa fibromialjia haisaidii kitu cha maana. Predinisoloni nayo haitibu ugonjwa huu. Itakuachia sukari na mifupa dhaifu. Tramado, dawa nyingine kali ya maumivu, nayo tuiepuke.

Dawa ya bei nafuu yenye ushahidi ni amitriptilini, kwa dozi ndogo: miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, saa moja au mbili kabla ya kulala. Usingizi hutengenea kwanza, maumivu hufuata baada ya wiki 2 hadi 4. Kinywa kitakauka, choo kinaweza kuwa kigumu, na asubuhi za mwanzo utakuwa na lepe la usingizi: siku hizo usishike usukani wa mtumbwi. Wenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au mkojo unaosita wasiinywe bila daktari, na isichanganywe na tramado.

Mke wangu analala mchana kutwa, vipimo havionyeshi kitu. Ndugu wanasema ni uvivu, wengine jini. (Baba wawili, Nansio)

Mvivu hukwepa kazi asiyoitaka, kaka. Muulize mkeo kama ameacha na anavyovipenda: kwaya, harusi, kusuka. Akiwa ameviacha, huo ni ugonjwa. Takriban robo ya wenye uchovu sugu hufikia hatua ya kutotoka nyumbani au kitandani, na Marekani kwenyewe, kwenye vipimo vyote, ilikadiriwa kuwa asilimia 84 hadi 91 hawajatambuliwa. Mpeleke akafanyiwe orodha tuliyompa mama wa Igombe. Huzuni nayo iulizwe waziwazi, kwa kuwa huandamana na maumivu ya muda mrefu, na akitamka kutaka kufa mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nafanya kazi kiwanda cha minofu. Nikiugua hivi nina haki gani? (Mfanyakazi, Ilemela)

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unahitaji cheti cha daktari, na uwe umeajiriwa angalau miezi 6. Mwombe daktari aandike pia usichokiweza, kwa mfano kusimama saa nzima au kukaa chumba cha baridi, ili msimamizi akuhamishie meza ya kukaa kabla hujamaliza siku zako.