Muulize Fundi wa Vifaa Tiba: Taa inaua vijidudu, mbona na plastiki inakatika?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa nje. Tulipewa kabati lenye taa za UV-C, yaani miale ya urujuanimno inayoua vijidudu, tunaingizamo vipima oksijeni vya kidole, stethoskopu na miwani ya kinga. Kila mara tunawasha mizunguko miwili ili tuwe na uhakika. Sasa vipima oksijeni vyeupe vimegeuka manjano, kimoja kimekatika kwenye bawaba, na mipira ya stethoskopu imekuwa migumu. Je, ni taa? Tuache kuitumia?

JIBU: Nzuri, dada. Kwa dalili ulizoeleza, taa ndiyo ninayoishuku kwanza, na unaweza kuthibitisha mwenyewe. Geuza kipima oksijeni kimoja, bandua taratibu kibandiko cha namba ya kifaa, kisha linganisha rangi. Kama chini ya kibandiko pamebaki peupe na pembeni ni manjano, umepata jibu, kwa sababu dawa na jasho la mikono havichori mpaka ulionyooka namna hiyo.

Taa haina hitilafu. Taa nyingi za zebaki za aina hii hutoa miale yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Kila fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ya miale hiyo ina nishati ya karibu elektronivolti 4.9, ilhali kiungo cha kawaida cha kaboni na kaboni huhitaji takriban 3.6 kuvunjika. Miale inayoharibu DNA ya bakteria inaweza pia kukata minyororo ya plastiki pale inaponyonywa. Magamba mengi ya vifaa vya aina hiyo ni ABS, plastiki yenye chembechembe za mpira ndani yake zinazoipa ustahimilivu. Mpira huo ndio huanza kuharibika, na ndiyo maana bawaba, inayokunjwa kutwa nzima, inakatika kabla ya sehemu nyingine. Polikaboneti, plastiki ngumu ya miwani, nayo hugeuka manjano. PVC, plastiki laini ya mipira ya stethoskopu, hubadilika rangi na kukakamaa. Chuma cha pua, kioo na silikoni hustahimili vizuri zaidi.

Manjano yenyewe hayanitishi sana. Kipima oksijeni hutumia mwanga mwekundu na wa infraredi, na rangi ya manjano hunyonya zaidi mwanga wa buluu. Kinachonitia wasiwasi ni nyufa. Chukua lenzi ya mkono, kunja bawaba taratibu chini ya taa ya mezani, utaona mistari myembamba kama nywele. Uchafu na vijidudu huingia humo, na UV-C haifiki kwenye kivuli. Kifaa kilichopasuka unaweza kukiwashia taa mchana kutwa na bado kisiwe salama.

Hapo ndipo mizunguko yenu miwili inaponisumbua. Madhara kwa plastiki hujumlishwa: ukali wa mwanga mara muda, tangu siku ya kwanza, na usiku hayafutiki. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2015 majaribio ya barakoa za kuchuja zilizomulikwa UV-C ya jouli (kipimo cha nishati) 120 hadi 950 kwa kila sentimita mraba. Uwezo wa kuchuja ulipungua kidogo tu, lakini matabaka ya baadhi ya barakoa yalipoteza zaidi ya asilimia 90 ya nguvu zake. Kutakasa barakoa kama hizo mara moja huhitaji jouli 1 hivi kwa kila sentimita mraba. Ukiwasha mara mbili bila sababu, umetumia maradufu ya umri wa kifaa.

Msiache kabati, badilisheni utaratibu. Futeni kifaa kwanza, maana jasho na mafuta ni kivuli tosha. Kifungueni ili pande zote zipate mwanga, kisha washeni mzunguko mmoja, ule ulioandikwa na mtengenezaji. Mwombeni fundi wenu apime ukali wa taa kwa kipimo cha UV-C, kwa sababu taa huchoka huku bado inang'aa buluu. Someni pia maelekezo ya kila kifaa. Kama hayaruhusu UV-C, tumieni dawa yanayoitaja. Na vifaa vinavyoingia kwenye damu au jeraha visiishie kwenye kabati hilo hata siku moja, hivyo ni vya otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto.

Chenye bawaba iliyokatika, na vingine mtakavyoviona na nyufa, vitoeni leo. Stethoskopu ibadilishiwe mpira tu, kichwa chake cha chuma bado kizima.