Mwanangu, Kuhusu Mhubiri Anayeamini Kwamba Anaponya

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu tangu juzi usiku. Unaniambia kwamba mama mkwe wako ameacha kumeza dawa za presha baada ya mhubiri kumwambia kuwa kuzimeza ni kumtilia Mungu shaka, na kwamba tayari ametuma kwa simu pesa za kupanda mbegu, yaani sadaka ya kutarajia muujiza. Kisha unaniuliza: ikiwa mhubiri huyo anaamini kwa dhati kwamba amepewa karama ya kuponya, je, ni haki kumwita tapeli? Umeniuliza mimi kwa kuwa nimeuza dawa miaka mingi na bado ni mzee wa kanisa, nami nitakujibu nikiwa yote mawili.

Sheria yetu nayo inaliuliza swali lako hilohilo. Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa hila yale maneno ya uongo ambayo msemaji anajua kuwa ni uongo, au haamini kuwa ni kweli. Mhubiri Peter Popoff wa Marekani anaingia hapo bila shida: mwaka 1986 James Randi, mwanamazingaombwe aliyewachunguza waponyaji, alifichua kwamba majina na magonjwa ambayo mhubiri huyo alidai kufunuliwa na Mungu yalikuwa yakisomwa na mkewe kwa redio, naye akiyasikia kupitia kifaa kidogo alichokivaa sikioni. Hata hapa kwetu, mwaka 2014, runinga ilituonyesha waumini wakioshwa miguu kwa maji yaliyogeuka mekundu kwa unga wa pamanganeti ya potasiamu, wakiambiwa ni damu ya ugonjwa inayotoka, na wakitakiwa kupanda mbegu ya shilingi 310. Anayetia unga ndani ya beseni anajua alichokitia. Kuhusu watu wa namna hiyo sina la kuongeza.

Ugumu uko kwa mtu kama mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa kijiji cha Samunge, kule Loliondo, Tanzania. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wengi wakiwemo, walisafiri kwenda kunywa kikombe chake kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania, bei ambayo hailingani na tamaa ya mwizi. Sijawahi kumdhania kuwa mwongo. Hata hivyo wapo wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za virusi vya UKIMWI kwa kuamini kwamba wamepona.

Hapo ndipo ushuhuda unapopotosha hata watu waaminifu. Mtu anayemeza dawa hizo vizuri anaweza kupimwa na virusi visionekane kwenye damu. Akiacha kwa kudhani vimekwisha, huwa vinarudi baada ya wiki chache, wakati ushuhuda wake umekwishapigiwa makofi. Presha ni mbaya zaidi kwa sababu kwa kawaida haiumi. Zipo dawa za presha zinazovimbisha miguu, na mgonjwa akiziacha uvimbe unapungua, viatu vinamtosha, naye anajisikia mzima kuliko alivyokuwa, ilhali mishipa yake inaumizwa kimyakimya. Mama mkwe wako hasemi uongo akikwambia kwamba anajisikia vizuri. Aliyepatwa na kiharusi harudi madhabahuni kutoa ushuhuda.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukueleza ulipokuwa mdogo. Unamkumbuka yule binti wa kwaya aliyekuwa akikubeba mgongoni? Alikuwa na kisukari tangu utotoni, na insulini yake aliinunua kwangu. Siku moja alikuja mhubiri mgeni, akamwombea, akamwambia amepona, naye binti akafungua mkoba na kuweka chupa zake mbili na sindano juu ya meza ya sadaka. Kanisa zima lilisimama kushangilia. Mimi nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwenye meza ile, katika kiti cha wazee, nikijua kwamba asiyetengeneza insulini mwilini hawezi kuishi bila sindano. Niliogopa kuonekana mtu asiye na imani. Nikajiambia kwamba nitaongea naye Jumatatu.

Mama yake aliniita Alhamisi. Chumba kilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na binti alikuwa akihema kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyekimbia mbio ndefu. Tulimkimbiza hospitalini, akafariki kabla ya alfajiri.

Mhubiri yule alikuja mazishini na akalia. Niliyaangalia machozi yake kwa karibu, mwanangu, nami nashuhudia kwamba yalikuwa machozi ya kweli. Kwa hiyo simwiti tapeli. Lakini alitamka juu ya mwili wa mtu jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua, wala hakutaka lipimwe, na hilo ni kosa hata kwa mtu mwenye moyo safi. Katika Mathayo 8:4 Yesu alimtuma mwenye ukoma aliyetakaswa akajionyeshe kwa kuhani, na kwa sheria ya Walawi kuhani ndiye aliyekagua ngozi za wagonjwa wa namna hiyo. Anayeamini kweli kwamba Mungu ameponya hana sababu ya kuogopa kipimo. Akikikataza, au akishaelezwa madhara na bado akaendelea, basi unyofu wake haumkingi tena. Na mimi niliyejua nikanyamaza, nimejihesabu kuwa na hatia kubwa kuliko yake.

Basi usimtukane mhubiri mbele ya mama mkwe wako. Atamtetea, nawe utakuwa umempoteza. Mwambie kwamba Jumapili baada ya ibada nitafika nyumbani kwake na mashine ya kupima presha, tutaomba pamoja, kisha tutapima, na namba tutakayoiona nitaiandika mbele yake kwenye kitabu chake cha kliniki. Asianze kujirudishia vidonge kwa kubahatisha. Jumatatu nitampeleka mwenyewe kwa daktari wake. Lakini mdomo ukienda upande, au mkono ukalegea, au akashindwa kutamka maneno vizuri kabla ya siku hiyo, msinisubiri wala msimsubiri mtu yeyote, mkimbizeni hospitalini saa hiyohiyo.

Ni mimi baba yako.