Kurudi kwenye Kazi ya Mbao Baada ya Kubadilishiwa Nyonga

Nilibadilishiwa nyonga ya kulia nikiwa na umri wa miaka 51, baada ya miaka 24 ya kuchana na kupakia mbao hapa Mafinga. Gegedu lilikuwa limesagika kiasi kwamba katika picha ya eksirei mfupa ulionekana umekaa juu ya mfupa, na mwaka wa mwisho kabla ya upasuaji sikuweza kulala kwa ubavu huo wala kuvuka gogo bila kuunyanyua mguu kwa mikono yangu miwili. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi za nguvu, wawe wachumaji wa chai wa Mufindi, wapakiaji wa viazi wa Njombe au mafundi ujenzi wa Mbeya, ambao wameambiwa wafanyiwe upasuaji huu na swali lao la kwanza ni lile lile lililokuwa langu: nitarudi lini kazini?

Swali hilo likiulizwa hivyo halipati jibu la kukufaa. Daktari wangu wa Dar es Salaam alinieleza kwamba mtu wa kazi ya mezani huweza kurudi baada ya wiki sita hivi, na mtu wa kazi nzito baada ya miezi mitatu hadi sita, huku wengine wakilazimika kuiacha kabisa kazi waliyokuwa wakiifanya. Alisema kweli, lakini yeye hajawahi kusimama kwenye kiwanda cha mbao wakati wa masika, na kwake neno "kazi ya mbao" lilikuwa jambo moja tu. Kwa hiyo nilipokwenda kliniki mara ya pili nilibeba karatasi ya daftari ambayo nilimsomea kijana wangu akaiandika, tukiwa tumeorodhesha kila tendo ambalo mwili wangu hulifanya kwa siku: kuinama kuokota mbao iliyo chini, kuinyanyua hadi begani, kugeuka nayo, kupanda juu ya lori, kuvuka magogo, kuchuchumaa wakati wa kunoa msumeno, kusukuma gogo kwa mtaimbo kwenye mteremko wenye utelezi. Daktari aliisoma yote, kisha akachukua kalamu na kuandika pembeni mwa kila mstari: hili baada ya miezi mitatu, hili baada ya sita, hili usilifanye tena. Ningekuwa na karatasi ile tangu siku ya kwanza, nisingepata madhara nitakayoyaeleza hapa chini.

Kwanza ni vizuri kuelewa kinachoendelea ndani. Nyonga niliyowekewa haikugandishwa kwa saruji ya mifupa. Shina la chuma liliingizwa ndani ya mfupa wa paja, kikombe kikabanwa kwenye fupanyonga, na baada ya hapo mfupa wenyewe ndio unaotakiwa kuota polepole na kushikana na uso wa chuma ambao umeachwa na chengachenga makusudi. Mshono wa nje hufunga kwa wiki mbili au tatu, na yale maumivu ya zamani ya kusagika huweza kuondoka mapema sana, hata ukadhani umepona, ilhali mfupa na chuma bado havijashikana sawasawa na misuli ya makalio haijarudi katika nguvu yake. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema "sikiliza mwili wako". Katika wiki ya nane mwili wangu ulikuwa ukiniambia niko tayari, nao ulikuwa umekosea.

Pesa nazo ziliniambia vivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata analipwa nusu, mradi awe na cheti cha daktari. Siku 63 ni wiki tisa kamili. Maana yake ni kwamba mshahara hukatwa nusu wakati ule ule ambapo maumivu yamekwisha na nyonga bado haijakomaa, na hakuna kishawishi kikubwa kuliko hicho kwa mtu mwenye ada za shule. Ninakushauri ujiandae kwa wiki ya kumi kabla hata hujapanda kitanda cha upasuaji: weka akiba kwenye kikundi, bakiza gunia kadhaa za mahindi, zungumza na mama watoto kuhusu matumizi ya miezi miwili ya nusu mshahara. Kibarua asiye na mkataba anahitaji maandalizi makubwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi hana hata hiyo nusu.

Mimi sikujiandaa. Katika wiki ya kumi nilirudi kiwandani bila kumwambia daktari, nikijipa moyo kwamba nitafanya kazi ndogo ndogo tu. Kijana mmoja alikuwa anahangaika na mbao mbichi ya msindano, akaniita, "Mzee, nishikie huo upande mara moja." Nikaushika. Mbao haikuwa nzito kunishinda, na kuinyanyua hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kugeuka: nyayo zangu zilikuwa zimezama kwenye tope, nami nikageuza kiwiliwili huku mguu wa kulia umesimama pale pale, kama nilivyofanya kwa miaka 24. Maumivu yalinichoma kwenye kinena nikaiachia mbao. Kwa rehema za Mungu picha ilionyesha kwamba nyonga haikuchomoka na hakuna kilicholegea, lakini nilirudishwa kwenye magongo kwa wiki tatu. Tangu siku hiyo nimejizoeza kugeuka kwa kupiga hatua ndogo ndogo, kidole cha mguu, goti na kifua vikielekea upande mmoja, na zoezi hilo nililifanya nyumbani nikiwa nimebeba ndoo tupu, baadaye ndoo nusu, kabla ya kugusa mbao yoyote.

Kuna kipimo kimoja ambacho mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha na ambacho ninakiamini kuliko kalenda. Simama ukiwa umefunga mkanda, karibu na meza ya kujishikia ukiyumba, kisha uinue mguu mzima na kubaki umesimama kwa mguu uliofanyiwa upasuaji, huku mtu amesimama nyuma yako akiutazama mkanda. Mkanda ukiinama upande wa mguu ulioinuliwa, misuli ya nyonga bado haiwezi kukubeba, na mtu ambaye hawezi kujibeba mwenyewe hana sababu ya kubeba mzigo. Mkanda wangu ulinyooka kwa nusu dakika nzima katika mwezi wa tano tu tangu upasuaji, baada ya mazoezi ya kila asubuhi ya kuupeleka mguu pembeni taratibu.

Nyumbani nako kuna kazi nzito ambayo watu huisahau, nayo ni choo cha kuchuchumaa. Katika miezi mitatu ya kwanza nilikatazwa kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukunja nne na kukaa kwenye kigoda, hivyo kijana wangu alitengeneza kwa mabanzi kiti chenye tundu, kirefu kupita goti langu, tukakiweka juu ya shimo. Kitanda tulikipandisha kwa vipande vya mbao. Buti za mpira nilivalishwa. Bodaboda niliiacha kabisa, kwa sababu kule kurusha mguu juu ya kiti nako nilikuwa nimekatazwa. Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, ingawa karibu kila aliyenijulia hali aliniambia niuhamishe.

Jambo jingine linatuhusu sana watu wa mbao. Kibanzi kilichoingia kidoleni zamani tulikitoa kwa pini na kuendelea na kazi. Mwenye nyonga bandia hapaswi kukipuuza, kwa sababu kidonda kikitunga usaha, vijidudu huweza kusafiri katika damu hadi kwenye chuma, na maambukizi yakishakaa pale huweza kuhitaji upasuaji wa pili. Ninavaa glavu, na kidonda kinachovimba nakipeleka zahanati siku hiyo hiyo. Vilevile katika wiki za mwanzo, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, ni lazima uwahi hospitali bila kusubiri kesho, maana huenda damu imeganda.

Nilirudi rasmi katika mwezi wa sita tangu upasuaji, nikiwa na barua ya daktari inayotaja matendo, si neno "kazi nyepesi" peke yake. Barua iliyoandikwa "kazi nyepesi" kila msimamizi huisoma anavyotaka. Iliyoandikwa "asipakie lori, asichuchumae, asibebe zaidi ya kilo 15" haina tafsiri mbili. Msimamizi wangu aliibandika ofisini. Wiki mbili za kwanza nilifanya nusu siku, nikipima na kupanga mbao kwa madaraja, halafu nikarudi kwenye mashine, ambako nasimama juu ya jukwaa la mbao kavu badala ya tope. Kupakia lori nimekuacha moja kwa moja, kwa sababu kikombe kina utando wa plastiki unaolika kadiri unavyotumika, nami ninataka unifikishe mbali. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nyonga 6 kati ya 10 hudumu miaka 25. Vijana wanapopakia, mimi nakaa kando na daftari nikihesabu, na wanaponiita kushika upande mmoja mara moja, ninawajibu kwamba wamwite mwingine.