Difu inavuja na gari inatetemeka baada ya kuinuliwa

Umeshabadili sili ya difu (mpira unaozuia oili isitoke kwenye gia za ekseli) na bado inavuja? Usikimbilie kubadili sili tena mkuu, kama gari ulishaiinua na mtetemo unaanzia spidi ya 80 km/h basi kwanza angalia engo ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu), maana ukiinua bodi kwa springi ndefu propela inakaa mshazari mno na zile jointi za msalaba kwenye ncha zake zinazunguka kwa kukwamakwama, mtetemo huo ndio unaoua sili ya pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela). Ikifika spidi hiyo tia nyutro, ikiendelea kutetemeka ujue sio injini, ni propela au matairi. Shika propela pale inapoingia kwenye difu uitikise juu chini, ikicheza pamoja na pinioni yenyewe, sio jointi tu, beringi ya pinioni imekwisha na sili mpya itavuja tu. Halafu kipumulio cha difu (kitundu cha kutolea hewa) jamani!! kikiziba kwa tope presha inasukuma oili nje hata sili ikiwa nzima